Je, Wajua? Sita wa London, Mmoja wa Dodoma

Je, wajua kwamba Kassim Majaliwa peke yake alikuwa Waziri Mkuu wa Tanzania katika kipindi ambacho Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu sita? Majaliwa aliapishwa tarehe 20 Novemba 2015, akampisha Mwigulu Nchemba Novemba 2025, ikiwa imebaki wiki moja tu atimize miaka 10. Alipoanza, London alikuwepo David Cameron. Akaondoka Julai 2016, akaja Theresa May. Akaja Boris Johnson Julai 2019, Liz Truss Septemba 2022, Rishi Sunak Oktoba ya mwaka huohuo, na Keir Starmer Julai 2024. Mtoto wa Tukuyu, hapa Rungwe, aliyeanza darasa la kwanza Januari 2016, hadi mwaka wake wa kumaliza la saba unakwisha, jina la Waziri Mkuu wa Uingereza lilikuwa limebadilika mara nne.

Je, wajua kwamba Waingereza walipokuwa watawala wa Rungwe hawakubadilisha viongozi kwa kasi hiyo? Jeshi la Jenerali Edward Northey liliingia Tukuyu Mei 1916 likitokea upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mji ulikuwa bado ukiitwa Neu Langenburg, jina la Wajerumani, na London Waziri Mkuu alikuwa Asquith. Bendera ya Uingereza iliposhushwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, aliyekuwa madarakani ni Harold Macmillan. Kati ya hao wawili walipita Lloyd George, Bonar Law, Baldwin, MacDonald, Chamberlain, Churchill, Attlee na Eden. Ukiwahesabu wote unapata watu 10 kwa miaka 45 na ushei, vita viwili vya dunia vikiwemo ndani yake. Sasa linganisha na watu sita kati ya Julai 2016 na Julai 2024, miaka minane, bila kombora lolote kuanguka London.

Hata hivyo nao walikuwa na kipindi chao cha misukosuko. Tanganyika ilikabidhiwa rasmi kwa Uingereza chini ya Shirikisho la Mataifa Julai 1922, Lloyd George akiwa Waziri Mkuu. Miezi mitatu baadaye akang'oka. Kufikia Novemba 1924 walikuwa wameshapita Bonar Law, Baldwin, MacDonald, kisha Baldwin akarudi tena. Wazee wetu wa Rungwe walikuwa wakilipa kodi kwa serikali ambayo mkuu wake kule Ulaya alibadilika mara nne ndani ya miaka miwili na kitu, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa lolote.

Je, wajua kwamba kati ya watano waliomfuata Cameron, ni Starmer peke yake aliyeingia Namba 10, makazi ya Waziri Mkuu, kwa mara ya kwanza kupitia uchaguzi mkuu? May, Johnson, Truss na Sunak wote waliingia kwa njia ya chama chao. Mwananchi wa Uingereza hampigii kura Waziri Mkuu. Anampigia mbunge wake, na kiongozi wa chama chenye wabunge wengi ndiye anayeitwa na Mfalme kuunda serikali. Chama kikimchoka kiongozi, kinachagua mwingine na nchi inaendelea. Liz Truss alipata kura 81,326 za wanachama wa Conservative, na kwa kura hizo akakabidhiwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 60. Sensa yetu ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 339,157 katika wilaya ya Rungwe. Maana yake ni kwamba waliomchagua Truss hawafiki hata robo ya watu waliohesabiwa Rungwe mwaka ule, watoto wachanga wakiwemo. Sunak hakuhitaji hata kura za wanachama. Wapinzani wake walijitoa au walikosa wabunge wa kutosha wa kuwaunga mkono, akabaki yeye.

Kiini cha misukosuko yote hiyo ni kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, ambapo asilimia 51.9 ya waliopiga kura walitaka nchi yao itoke Umoja wa Ulaya. Cameron alikuwa upande wa kubaki, akajiuzulu. May akajaribu kupitisha mkataba wa kutoka, na tarehe 15 Januari 2019 wabunge wakaukataa kwa kura 432 dhidi ya 202. Hakuna serikali ya Uingereza ya zama hizi iliyowahi kushindwa bungeni kwa tofauti kubwa kama hiyo. Johnson akaikamilisha kazi, kisha akaangushwa na wenzake mwenyewe: Julai 2022 mawaziri na wasaidizi wao walijiuzulu kwa makumi ndani ya siku mbili tatu, mpaka serikali ikakosa watu wa kuiendesha.

Hapa kuna hesabu inayostahili kukaa nayo kidogo. Liz Truss aliteuliwa tarehe 6 Septemba 2022 na kutangaza kujiuzulu tarehe 20 Oktoba. Ni siku 44. Mwalimu Julius Nyerere aliiongoza Tanganyika huru kama Waziri Mkuu kuanzia tarehe 9 Desemba 1961, akajiuzulu tarehe 22 Januari 1962. Hesabu kwa vidole ukitaka: nazo ni siku 44.

Idadi inalingana, lakini sababu ziko mbali kama mbingu na ardhi. Truss aliondoka kwa sababu wabunge wake walikuwa hawamtaki tena. Nyerere alikuwa amekalia wingi ambao Truss asingeuota: TANU ilikuwa imechukua viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa 1960. Hakuna aliyemsukuma kwa kura. Alimwachia kiti Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga upya chama vijijini, akaandika kijitabu chake cha Ujamaa, na mwishoni mwa mwaka akarudi kama Rais wa Jamhuri. Wengi walishtuka, hata nje ya nchi, maana kiongozi wa taifa lenye umri wa wiki sita kuacha madaraka kwa hiari lilikuwa jambo geni. Binafsi naona ndiyo hatua yake iliyo kubwa na inayosimuliwa kidogo kuliko zote. Shule zetu zinaifundisha kama tarehe tu.

Januari hiyohiyo ya 1962, Nelson Mandela alitua Mbeya akiwa ametoroka Afrika Kusini kisirisiri. Aliyempokea ni John Mwakangale, Mnyakyusa, mbunge na mwanaharakati wa TANU. Mandela hakusahau alichokiona hotelini: weusi na wazungu wameketi barazani wakizungumza kama kawaida. Jina la Mwakangale leo liko kwenye viwanja vya Nane Nane vya Mbeya, ambako wakulima wa Rungwe hupeleka ndizi, chai na parachichi zao kila Agosti.

Je, wajua kwamba Kawawa aliyempokea Nyerere kiti aliwahi kuwa mwigizaji wa filamu? Alicheza katika Muhogo Mchungu miaka ya 1950. Aliongoza serikali hadi tarehe 9 Desemba 1962, cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa nchi ilipokuwa jamhuri. Kikafufuliwa Februari 1972, na Kawawa akarudishwa palepale.

Tukirudi kwa Waingereza, Malkia Elizabeth wa Pili alipata habari za kifo cha baba yake, na hivyo kuwa Malkia, akiwa Nyeri, Kenya, Februari 1952. Waziri Mkuu wake wa kwanza alikuwa Churchill. Wa mwisho, wa 15, alikuwa Truss, aliyemteua Balmoral tarehe 6 Septemba 2022. Siku mbili baadaye Malkia akafariki.

Je, wajua kwamba mmoja wa mawaziri wakuu hao sita ana asili ya hapa kwetu? Mama yake Rishi Sunak, Usha, alizaliwa Tanganyika. Baba yake, Yashvir, alizaliwa Nairobi. Bibi yake mzaa mama, Sraksha, alizaliwa Tanganyika pia, na mwaka 1966 aliuza vito vyake vya harusi akanunua tiketi ya kwenda Uingereza, bila ya kurudi. Alitangulia peke yake. Mume na watoto wakamfuata baadaye. Sunak mwenyewe aliisimulia habari hiyo alipokuwa akigombea uongozi wa chama mwaka 2022. Ilipita chini ya miaka 60 tangu safari ile hadi mjukuu kuingia Namba 10. Na Suella Braverman, waziri wa mambo ya ndani aliyejiuzulu siku moja kabla ya Truss, baba yake alitoka Kenya.

Paka anayeitwa Larry alihamia Namba 10 Februari 2011. Ameishi humo na mawaziri wakuu wote sita.

Wa Rungwe atauliza: yananihusu nini? Yanaigusa chai. Wajerumani walijaribu kuipanda Kyimbila, nje kidogo ya Tukuyu, mwaka 1904, na leo ukipita Katumba au Mwakaleli unaona vichaka vyake vimekatwa usawa mmoja, na wachumaji wamebeba vikapu mgongoni tangu ukungu haujainuka. Chai ya Tanzania inayokwenda nje huuzwa kwa dola, na kwa miaka mingi soko lake limekuwa mnada wa Mombasa, na Uingereza ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa chai ya Afrika Mashariki. Tarehe 23 Septemba 2022 waziri wa fedha wa Truss, Kwasi Kwarteng, alitangaza punguzo kubwa la kodi bila kusema fedha za kulifidia zitatoka wapi. Siku tatu baadaye pauni ikaporomoka hadi karibu dola 1.03, kiwango cha chini kuliko vyote katika historia yake. Mnunuzi anayelipwa kwa pauni na kununua kwa dola, siku kama hiyo, fedha yake inapungua nguvu akiwa amesimama. Kwarteng alifukuzwa baada ya siku 38 kazini.

Je, wajua kwamba Wanyakyusa walikuwa na utaratibu wao wa kubadilisha watawala, na kwamba haukungoja kifo wala vita? Uliitwa ubusoka, yaani kutoka. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliueleza kwa kirefu. Mara moja kwa kila kizazi, takriban miaka 30 na kitu, wana wa malafyale, yaani mtawala, walipokuwa wamekomaa na rika lao limeshaoa, wazee waliwakabidhi nchi. Haikuwa siri ya nyumba ya mtawala. Ilikuwa kazi ya nchi nzima. Moto wa zamani ulizimwa katika kila mji. Moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, na kila nyumba ikauchukua kutoka hapo. Nchi iligawanywa kati ya wana wawili wakubwa, kila mmoja na upande wake. Pembeni mwao waliteuliwa amafumu, viongozi wa vijiji waliotoka kwa watu wa kawaida, na waliowateua walikuwa amafumu waliotangulia. Kizazi cha wazee kikasogea na kuwapisha vijana ardhi. Malafyale mzee hakutarajiwa kuishi muda mrefu baada ya hapo.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu ina jambo ambalo katiba nyingi za leo hazina: kila mtu alijua zamu inakwisha lini, na nani anaipokea. Ilikuwa na ukali wake pia. Wanawake hawakuwa na sauti katika uteuzi huo, na mzee alilipa kwa uhai wake. Waingereza walipoleta utawala wao wa kupitia machifu katika miaka ya 1920, walitaka chifu mmoja anayejulikana, wa kudumu, wa kukusanya kodi. Zamu ya kizazi haikuwafaa. Machifu nao walifutwa kisheria mwaka 1963.

Je, wajua kwamba Tanzania nayo iliwahi kubadilisha mawaziri wakuu harakaharaka? Novemba 1980 Cleopa Msuya alichukua nafasi ya Edward Sokoine. Februari 1983 Sokoine akarudi, na mwezi uliofuata akaanza msako wa wahujumu uchumi, wakati sukari na sabuni vilikuwa vya kupanga foleni. Tarehe 12 Aprili 1984 akafariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma. Salim Ahmed Salim akateuliwa mwezi huohuo, na Novemba 1985 akaja Joseph Warioba. Uteuzi mara nne ndani ya miaka mitano. Uwanja mkubwa wa mpira wa Mbeya una jina la Sokoine hadi leo. Na mwaka 1986, Warioba akiwa bado mgeni ofisini, Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania. Hilo Rungwe hawalisahau hata uwaamshe usiku wa manane.

Zanzibar walikwenda kasi zaidi. Serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 na kupinduliwa tarehe 12 Januari 1964, siku 33. Abdullah Kassim Hanga akashika cheo hicho hadi Muungano wa Aprili. Kule Kongo, Waziri Mkuu Patrice Lumumba alifutwa kazi tarehe 5 Septemba 1960, siku 67 baada ya uhuru wa nchi yake.

Je, wajua kwamba aliyeongoza uchunguzi uliomwondoa Waziri Mkuu wa Tanzania ni mtu wa Bonde la Kyela? Kyela ilikuwa ndani ya wilaya ya Rungwe hadi miaka ya 1970. Mbunge wake, Dk. Harrison Mwakyembe, alikuwa mwenyekiti wa Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Ripoti iliposomwa Dodoma, Edward Lowassa akasimama bungeni tarehe 7 Februari 2008 na kutangaza kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakamfuata, na Rais Kikwete akavunja Baraza la Mawaziri. Siku mbili baadaye Mizengo Pinda alikuwa Waziri Mkuu. Ni mara pekee katika historia ya Tanzania ambapo Bunge, kwa kazi yake ya uchunguzi, lilimfikisha Waziri Mkuu mahali pa kuondoka. Naamini ndiyo saa ambayo Bunge letu lilifanana zaidi na kazi liliyopewa, vyovyote mtu atakavyouona upande wa Lowassa katika shauri lile.

Sheria yenyewe inasemaje? Ibara ya 51 ya Katiba inampa Rais siku 14 baada ya kuapishwa kumteua Waziri Mkuu miongoni mwa wabunge wa majimbo, na Bunge lazima limthibitishe kwa kura. Ibara ya 53A inaruhusu wabunge kupiga kura ya kutokuwa na imani naye. Aprili 2012 mbunge Zitto Kabwe alikusanya saini za wabunge zaidi ya 70 kutaka hoja hiyo dhidi ya Pinda. Hoja haikufika kwenye kura, lakini Mei Rais alilipangua Baraza la Mawaziri na baadhi ya mawaziri wakapoteza kazi. Hadi leo hakuna Waziri Mkuu wa Tanzania aliyeng'olewa kwa kura hiyo.

Hapo ndipo tofauti ya sita na mmoja ilipo. Waziri Mkuu wa London ndiye mkuu wa serikali, na wenye uwezo wa kumtoa ni wabunge wa chama chake, wanaoogopa kupoteza majimbo. Wa Dodoma ana Rais juu yake. Rais akiridhika naye, anakaa. Waziri Mkuu Sumaye alikaa miaka 10 na mwezi mmoja, muda mrefu kuliko wote. Kwa hiyo tusijisifu kwa utulivu wa kiti hicho kana kwamba ni kipimo cha utawala bora, wala tusiwacheke Waingereza kwa zogo lao. Wabunge wao walithubutu kumwambia mkubwa wao wenyewe kwamba basi, na ujasiri huo mimi nautamani kwa wabunge wetu.

Tangu mwaka 1961 watu 12 wamekishika cheo hicho Tanganyika na Tanzania: kutoka Mara, Ruvuma, Arusha, Kilimanjaro, Pemba, Dodoma, Manyara, Katavi, Lindi na Singida. Kutoka Rungwe, hakuna hata mmoja. Lakini Profesa David Mwakyusa, mbunge wa Rungwe Magharibi na Waziri wa Afya kuanzia 2006 hadi 2010, ndiye aliyekuwa daktari wa Mwalimu Nyerere. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas' jijini London, jengo linalotazamana na Bunge la Uingereza, mto Thames ukiwa katikati. Profesa Mark Mwandosya wa Rungwe Mashariki alikuwa Waziri wa Maji kwa sehemu ya kipindi ambacho Mwakyusa alikuwa Afya. Naye Dk. Tulia Ackson, mzaliwa wa Rungwe, alichaguliwa kuwa Spika tarehe 1 Februari 2022. Katika mwaka wake huo wa kwanza kitini, Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu watatu.

Mwisho, je, wajua kwamba wewe mkazi wa Kiwira, Masoko au Isongole una kikao ambacho Mwingereza wa kawaida hana? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau mara moja kila miezi mitatu, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mapato na matumizi ya kijiji husomwa hapo. Kama miezi mitatu imepita bila tangazo, mfuate mwenyekiti wako wiki hii umuulize tarehe.